Bao la Mechi ya Mvua

Wapendwa, wenye timu hapa ndani inueni mikono. Msiogope, siulizi ni timu gani. Haya, naona hata wazee wa kanisa wamo. Basi mfano wa leo ni wenu.

Kulikuwa na marafiki wawili, Gwakisa na Hezron. Gwakisa alikuwa fundi cherehani, Hezron aliuza vipuri vya baiskeli kibanda cha pili. Timu yao ilikuwa moja, ile ya mji wao. Ukimwuliza Hezron nani alifunga bao gani, mwaka gani, kwa kichwa au kwa mguu, anakujibu huku anaendelea kukaza mnyororo.

Msimu ule kijana mmoja wa timu yao alifikisha mabao ishirini na sita, na mechi ilikuwa imebaki moja. Mji mzima ukawa unaulizana: ameifikia rekodi au bado? Maana rekodi ya mabao mengi katika msimu mmoja ilikuwa ya Anyelwisye, mshambuliaji wa zamani ambaye watu walimwita Radi.

"Radi alifunga ishirini na saba," akasema Gwakisa. "Kijana bado."

"Ishirini na sita," akasema Hezron. "Lile la mechi ya mvua beki alijifunga. Mimi nilikuwepo uwanjani."

"Na mimi nilikuwa wapi, jikoni?"

Ubishi ulianza kama utani, ukaishia kwenye matusi. Wakanuniana. Asubuhi wanafungua vibanda, salamu hakuna. Mpaka mama aliyewauzia chai akachoka. "Jamani, mwenyewe si yuko hai? Yuko kwao kule bondeni. Nendeni mkamwulize, watu wanywe chai kwa amani."

Ijumaa wakapanda pikipiki ya Hezron, wakaenda.

Walimkuta Radi kitandani, mguu wa kulia umefunikwa kanga. Chumba kilinuka kidonda. Aliposikia kwamba ni watu wa timu, akajiinua kwa viwiko, uso umemchangamka. "Karibuni sana, wadogo zangu! Kaeni. Tangu niumie hajafika mtu wa mpira hapa."

"Pole sana, kaka," wakasema. Kisha Hezron hakungoja hata kukaa. "Kaka, lile bao la mechi ya mvua. Lilikuwa lako au la beki?"

Radi akacheka. "Lile? La beki. Lilimgonga goti likaingia. Mimi niliteleza, mpira sikuugusa. Nilishangilia kwa sababu wenzangu walikuwa wanashangilia."

Hezron akaruka juu. Gwakisa akakubali, akampa mkono, na wakakumbatiana pale pale. Ungekuwepo ungesema, Mungu asifiwe, ndugu wamepatana.

"Wadogo zangu," akasema Radi, "kabla hamjaondoka. Huu mguu umebadilika rangi tangu jana, na jirani anayenihudumia amekwenda msibani. Mnaweza kunifikisha hospitali?"

Wakatazamana. Pikipiki moja, na wao wawili, na mtu hawezi kukaa. "Jumatatu, kaka," akasema Gwakisa. "Jumapili kuna mechi. Jumatatu tunakuja na gari kabisa."

Jumapili kijana akafunga, rekodi ikavunjwa. Mtangazaji akalitaja jina la Radi kwenye kipaza sauti, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Hezron alitokwa na machozi. Alimpenda Radi kweli, msifikiri alikuwa anajifanya.

Jumatatu wakaenda na gari, kama walivyoahidi. Wakakuta mlango umefungwa, wakaelekezwa hospitali. Radi alikuwa wodini. Upande wa kulia, kuanzia gotini, shuka lilikuwa limelala bapa juu ya godoro. Muuguzi hakuwaficha: angeletwa Ijumaa, huenda wangeuokoa mguu.

Gwakisa akapiga magoti kando ya kitanda. "Kaka, tusamehe."

"Nimewasamehe," akasema Radi. "Ila Ijumaa, mlipobisha hodi, nilifurahi sana. Nilidhani mmekuja kwangu."

Ndugu zangu, watu wale walikuwa wabaya? Hawakuwa wabaya. Walisema pole. Waliahidi, na ahadi wakaitimiza. Walimjua mtu yule bao kwa bao, ila mguu wake ulioza mbele ya macho yao.

Na sisi je? Tunajua nani alikitoa kiwanja hiki cha kanisa, nani alipanga mawe ya msingi. Mama Tusekile aliwafundisha kuimba nusu yenu mnaokaa kwaya, na nyimbo zake mnaziimba kwa kichwa. Benchi lake liko wazi tangu Pasaka. Anaumwa nini? Nani anampikia? Mnatazamana. Na Mungu wetu, tunamwendea kwa ajili yake, au tunakwenda atuamulie ubishi wetu tuondoke?

Leo ibada naifupisha. Matangazo yatasomwa Jumapili ijayo. Anayekwenda kwa Mama Tusekile anikute mlangoni, na mwenye gari aje na gari lake sasa hivi.