Ajuza na Fuawe ya Babu

Kabla hamjamlaumu mtu mwingine, nikiri mwenyewe: aliyempeleka Ajuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ni mimi. Nilimfunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, nikaondoka napiga mluzi, nikiamini nimemtendea rafiki yangu hisani.

Ajuza hakuwa mtu, msinishike shati. Alikuwa mashine ya kutafuta vyuma vilivyofukiwa ardhini, na mwenyewe ni jirani yangu tunayemwita Masikio. Wahenga wametuonya tusiache mibacha yetu kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wako uliochakaa, ambao unajua kila tundu lake. Msala upitao ni mkeka mzuri, lakini unapita tu, uko kwapani mwa mwenyewe. Ukitupa wako kwa kuutamani huo, utalala chini. Shuleni niliulizwa maana ya methali hii, nikapata alama zote. Kuielewa, nimeielewa juzi.

Masikio alikula ujana wake katika idara ya maji, akitafuta mifuniko ya mabomba iliyomezwa na barabara mpya. Alipostaafu, wakubwa walimpa saa ya ukutani, naye akaomba wabaki na saa yao wampe mashine. Sahani ya Ajuza, ile inayopita juu ya udongo, ilikuwa pana kama ungo. Mpini ulifungwa utepe juu ya utepe. Hakuwa na kioo wala taa. Alikuwa na mngurumo mmoja tu, kama mtu aliyeshiba anayesinzia. Msumari ukiuweka chini ya pua yake, hauoni.

"Ana macho ya kizee," Masikio alizoea kusema. "Vidogo vya karibu vinampita. Vikubwa vya mbali ndivyo anavyoviona."

"Kama wewe," mkewe alidakia. "Kijiko kiko mezani hukioni. Mimi nikitokea kule barabarani na mfuko mpya, unauliza nimenunua nini."

Basi siku moja alikuja shangazi yake Masikio, mama aliyekula chumvi nyingi lakini mgongo bado umenyooka. Baba yake, yaani babu yake Masikio, alikuwa mhunzi. Mikono ilipoanza kumtetemeka, mzee yule aliizika fuawe yake, lile pande la chuma la kufulia majembe, ndani kabisa ya uwanja wa karakana, ili asitokee mtu wa kuiuza. Akamwambia bintiye: siku mtu wa ukoo huu akitaka tena kufua chuma, ataikuta inamngoja.

"Sasa mtu kapatikana," alisema Shangazi, akimsukuma mbele mjukuu wake, binti fundi wa kuchomelea mwenye mikono iliyojaa alama za cheche. "Amefungua karakana yake. Lakini kile kiwanja kina mwenyewe siku hizi. Wanajenga ghala. Jumamosi wanamwaga zege."

"Si uwaonyeshe tu ilipo, Shangazi?"

"Mwanangu, nyumba imebomolewa, mti umekatwa, udongo umesawazishwa. Nimesimama pale nikaona kama nimepotea sebuleni kwangu."

Masikio alipiga kifua. Ndugu zangu, hapo angemchukua Ajuza, hadithi ingekwisha na mimi ningekuwa nimelala. Ila wiki hiyohiyo alikuwa amepita kijana mmoja anayeuza mashine mpya, mwenye ulimi uliopakwa asali. Alimwachia Masikio moja aijaribu. Jamani, ile mashine! Nyepesi kama mwavuli, ina kioo kinachowaka, inakuandikia hiki ni shaba, hiki ni fedha, hiki takataka. Masikio aliipangusa kwa kitambaa cha miwani. Na mimi, mdomo wangu ukiniwasha, nikamwambia, "Huyu Ajuza anakuzibia korido bure. Nikupunguzie mzigo?" Masikio hata hakugeuka. Alipunga mkono tu, macho kwenye kioo. Mkewe ndiye aliyenifungulia mlango.

Alhamisi tukaingia kiwanjani. Msimamizi wa ujenzi, mtu mpole mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, alituruhusu tutafute hadi zege lifike. Masikio akawasha msala wake. Ukapiga kelele! Uwanja wa mhunzi umejaa mavi ya chuma, vipande na misumari ya miaka mingi, na mashine ikalia kwa kila kimoja kama mtoto anayeota meno. Masikio akampigia simu yule kijana.

"Zima chuma, mzee," kijana akasema. "Bonyeza hapo pembeni. Itanyamaza."

Kweli ikanyamaza. Raha iliyoje! Masikio akatembea uwanja mzima, huku na huku, kama anayepiga deki. Kimya. Akarudia kesho yake. Kimya. Ijumaa jioni akaivua kofia yake.

"Shangazi, hapa hakuna kitu."

Shangazi hakulia, na ingekuwa afadhali alie. Aliketi juu ya rundo la matofali akasema taratibu, "Basi baba alinidanganya. Labda aliiuza, akaona haya kuniambia. Nami nimewasimulia watoto maisha yangu yote."

Yule mjukuu alikuwa akiitazama ile mashine. "Mjomba, ulibonyeza nini jana ikanyamaza?"

"Nilizima chuma."

"Umeiambia isisikilize chuma?"

"Ndiyo, ilikuwa ina kelele..."

"Na fuawe ni ya madini gani, Mjomba?"

Nimewahi kuhudhuria misiba iliyochangamka kuliko dakika ile. Masikio akabonyeza tena, chuma kikarudi, na kelele zikarudi nazo: chini ya kila hatua palilia, na hapakuwa na namna ya kujua kilio kipi ni cha msumari na kipi ni cha fuawe. Kabla hatujakuna vichwa vizuri, mwenye msala akatokea. Amepata mteja wa fedha taslimu, samahani sana wazee wangu. Akaichukua mashine mikononi mwa Masikio, akaifuta vumbi, akaenda zake.

"Haidhuru," Masikio akasema, akijikaza. "Kesho asubuhi nitamleta Ajuza. Yeye hajali misumari." Akanigeukia. "Jirani, ulimweka wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizikwe mimi badala ya fuawe.

Sikungoja matusi. Nilipanda baiskeli nikaenda kwa mnunuzi wa vyuma, nikamkuta Ajuza amesimamishwa ukutani, shati la mtu limeanikwa kwenye mpini. Nikamweleza shida. Mnunuzi akanisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Mimi chuma kinaingia, hakitoki," akasema. "Labda kiingie kingine."

"Kingine kipi?"

Akaitazama baiskeli yangu. Nikaitazama na mimi, mara ya mwisho. Nikarudi kwa miguu, nimembeba Ajuza begani kama mtoto anayeumwa.

Asubuhi mashine ya zege ilikwisha kuanza kuzunguka. Masikio akamwomba msimamizi aizime. Msimamizi akatazama saa, akamtazama Shangazi, akanyoosha mkono kwa vijana wake: zimeni. Masikio akavaa visikilizio, akafumba macho, akaanza kwenda hatua fupifupi za mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Misumari ikapitwa bila salamu. Karibu na nguzo ya pembeni akasimama. Akarudi nyuma. Akasogea tena. Kisha akavua visikilizio, akamvika Shangazi.

"Unasikia?"

"Ananguruma."

"Sasa sogea hapa."

Uso wa yule mama ukabadilika. "Amepandisha sauti," akanong'ona. "Kuna kitu kinamjibu."

Vijana wakachimba. Shimo likawafika magotini, wakaanza utani. Likawafika kiunoni, utani ukaisha pumzi. Lilipowafika kifuani, mmoja akanitazama vibaya, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Ndipo koleo likagota. Si mlio wa jiwe. Mjukuu akarukia ndani, akafukua kwa vidole: gunia lililooza, na ndani yake pande jeusi lenye pembe, zito, zima, kama lililowekwa jana.

Waliivuta juu kwa kamba za jengo. Shangazi akaipangusa udongo kwa upindo wa nguo yake, akaweka kiganja juu, akasema neno moja, "Baba." Masikio akamwomba radhi Ajuza hadharani, mbele ya watu wenye akili timamu, na hakuna aliyemcheka. Kisha msimamizi akampa mjukuu nyundo. Akagonga. Sauti ikatoka safi, ikazunguka kiwanja chote.

"Jamani," nikasema, "naombeni na mimi nigonge mara moja tu."

Wote walikuwa bado wanaisikiliza ile sauti, na Masikio amemkumbatia Ajuza kwa mikono miwili, kama anayeogopa nitamchukua tena. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.