Moto Mrefu wa Chimbalanga

Paukwa!
— Pakawa!
Kaa la moto?
— Lipulize tuone!

Hapo kale, juu ya kilima magharibi mwa ziwa, waliishi ndugu wawili wayeyusha chuma: Chimbalanga mkubwa na Mlenga mdogo. Kila mmoja na tanuri lake la udongo. La Mlenga lilitoa miali mirefu, ikaonekana hadi ng'ambo. Wanunuzi wa majembe wakasema, "Twendeni kwa Maravi." Maravi ndiyo miali ya moto.

Wakampita Chimbalanga mlangoni pake bila hata salamu.

"Yeye Maravi," akasema, "mimi nani? Majivu?"

Mkewe, Nasibeko, akamjibu, "Mume wangu, majembe yako yanalima. Hayo hayatoshi?"

"Hayaonekani ng'ambo!"

Wivu huo, jamani! Hakula, hakulala, hakumsalimu mdogo wake.

Siku ya kwanza akavukuta mpaka mivukuto ikapasuka. Moto ukafika kimo cha mbuzi. Siku ya pili akayamwagia maji makaa ya Mlenga. Mlenga akayaanika, akawasha, miali ile ile. Wengine husema Chimbalanga aliyaiba. Bibi yangu alisema aliyamwagia maji, nami nasema hivyo hivyo. Siku ya tatu akarundika nyasi kavu juu ya tanuri lake, akatia moto.

Wuu! Miali ikapanda. Ikapita miti. Upepo ukageuka, ikashika paa la nyumba yake, na Nasibeko yumo ndani.

"Mlenga! Mdogo wangu, mke wangu anaungua!"

Mlenga akaliacha tanuri lake, chuma kikaharibika humo. Akaja mbio na watu na mitungi ya maji. Nasibeko akatolewa salama. Nyumba ikabaki majivu.

Asubuhi wakafika watu wa ng'ambo, wanahema. "Tumeona miali ambayo hatujapata kuiona! Maravi ni yupi hapa?"

Chimbalanga akatazama chini. Mlenga, uso umejaa masizi, akamshika bega.

"Sisi sote. Kilima kizima."

Jina likawashika wote, wakawarithisha watoto wao. Leo twasema Malawi, na watu wake Wamalawi.

Na Chimbalanga? Mdogo wake alimjengea nyumba mpya. Akakaa mlangoni, akala, akashiba, kisha akamnong'oneza mkewe:

"Lakini moto wangu ulikuwa mrefu zaidi."

Kaa langu limezimika hapo. Mwenye baridi, apulize lake.