Kaa la Moto Alilonyimwa Bi Kanga

Zamani sana, wanangu, kabla kiberiti hakijajulikana, wanyama nao walikuwa na nyumba zao, majiko yao na gulio lao. Sogeeni karibu. Anayesinzia aende akalale, maana hadithi hii si ya kumbembelezea mtu usingizi.

Palikuwa na mjane mmoja, Bi Kindi, mwembamba, mwepesi, mwenye watoto wachanga wawili. Mumewe alipokufa, alifungua kibanda gulioni, akapanga mafiga yake, akaanza kukaanga maandazi. Majirani zake pale walikuwa Bi Kanga, aliyeuza mihogo ya kuchemsha, Mama Nungunungu wa maharage, na Mama Kobe wa chai, ambaye pia ndiye aliyepiga ngoma ya gulio.

Mkuu wa gulio alikuwa Fisi. Sheria yake ilikuwa fupi: siku ya gulio, jiko lisilo na moto halina mwenyewe. Fisi analikalia mbele ya watu mpaka ngoma iishe. Ngoma ikiisha, jiko ni lake, na aliyekuwa na jiko anakwenda nyumbani kwa Fisi kumfanyia kazi. Lakini akiinuka kabla ngoma haijaisha, basi amesema uongo, na ukuu wake umekwisha. Waliokwenda kumfanyia kazi hawakurudi. Watu waliliona hilo, wakanyamaza.

Siku Bi Kindi alipofungua kibanda, Fisi alimtembelea kwa upole wote, akamwita "binti yangu." Akamnong'oneza kwamba biashara ni bahati, na bahati ya mpishi inakaa kwenye moto wake. Ukimgawia jirani kaa moja tu la moto, wateja wote wanamfuata yeye, wewe unabaki na nuksi.

"Haya simwambii mtu mwingine," alisema. "Nakwambia wewe kwa sababu nakuonea huruma."

Bi Kindi akamshukuru. Mjinga, ndiyo, lakini tusimcheke. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Asubuhi ya gulio moja, wanawake waliporudi kutoka kuteka maji, Bi Kanga alilikuta jiko lake limelowa chepechepe. Enzi hizo moto ukikuzimikia, unachukua kigae, unakwenda kuomba kaa kwa jirani. Bi Kanga akaenda na kigae chake kwa Mama Nungunungu, akaambiwa moto wenyewe hautoshi. Akaenda kwa Mama Kobe, naye akajifanya hasikii. Mwisho akasimama mlangoni kwa Bi Kindi.

"Shoga, nipe kaa moja tu," alisema. "Ngoma inakaribia."

Bi Kindi akalitazama jiko lake linavyowaka vizuri. "Nisamehe, shoga. Leo siwezi," akasema, akashusha mkeka wa mlangoni.

Akiwa nyuma ya mkeka aliisikia ngoma, ndu, ndu, ndu. Kisha akamsikia Bi Kanga akiita jina lake. Kisha hakusikia kitu. Maandazi yake siku ile yalinunuliwa yote, na yeye hakuweza kula hata moja.

Gulio lililofuata, Bi Kindi alirudi mtoni na mtungi kichwani, akakuta mafiga yake yanachuruzika maji, na kwenye matope pembeni, nyayo za Fisi. Akakaa chini. Akawatazama wanawe waliolala kikapuni, na akili ikamrudia: pale gulioni hapakuwa na moto uliokuwa ukizimika wenyewe.

Akakimbia kwa Mama Nungunungu, wala hakuchukua kigae.

"Dada, mimi nilimnyima Kanga moto," alisema. "Niliambiwa ataniachia nuksi. Wewe ulimnyima kwa nini?"

Mama Nungunungu akainamisha kichwa. "Niliambiwa hivyohivyo."

"Na nani?"

"Na Fisi. Alisema ananiambia mimi peke yangu."

Wakatazamana. Wakaenda kwa Mama Kobe, naye akaanza kulia kabla hawajamaliza kumuuliza, maana yeye aliambiwa zamani kuliko wote, na ngoma ya kila aliyechukuliwa aliipiga kwa mikono yake mwenyewe.

"Tutalia baadaye," Bi Kindi alisema. "Nipeni makaa na jivu kavu. Halafu mnisikilize."

Wakakomba jivu lililolowa, wakaleta makaa mekundu kwenye vigae, wakayalaza katikati ya mafiga, kisha wakayafukia kwa jivu kavu, kama mpishi yeyote anavyofukia moto wa kesho. Ukilitazama jiko lile, limekufa. Mpishi angeweka kiganja juu yake kwanza. Fisi hakuwahi kupika maishani mwake, alikula vya wenzake.

Jua likapanda, Fisi akaja, watu nyuma yake. Akachungulia jikoni, akacheka, hi hi hiii. Bi Kindi akajitupa miguuni pake, akalia, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Alikuwa anamlilia Kanga.

"Bwana mkubwa, nionee huruma," alisema. "Au kama ni kukaa, basi kaa vizuri. Kwa Kanga watu wanasema ulikaa upande tu, eti ulimwonea."

"Nani anasema?" Fisi akafoka. Akageuka, akajibwaga katikati ya mafiga kwa uzito wake wote, akaamuru ngoma ipigwe.

Mama Kobe akapiga. Ndu. Akapumua. Akauinua mkono taratibu. Ndu. Hakuna aliyewahi kuisikia ngoma ile ikienda polepole vile.

Kwanza Fisi alikunja uso. Kisha macho yakamtoka. Tsss, ikasikika chini yake, na harufu ya manyoya yanayoungua ikaenea gulioni. Akauma meno, maana akiinuka ukuu umekwisha, na watu wote wanamtazama. Ndu. Bi Kindi naye alimtazama, wala hakumwonea huruma. Mwishowe Fisi akapiga yowe, akaruka, akakimbilia porini huku makalio yanafuka moshi. Mpaka leo mkimwona, kiuno chake kimeinama nyuma, anatembea kama anayeogopa kukaa.

Watu wakashangilia. Wale wanawake hawakungoja, walikimbia nyumbani kwa Fisi kuwafungulia wenzao. Mlango haukuwa na kufuli. Ndani hamkuwa na kazi yoyote iliyofanywa, wala hamkuwa na mtu. Palikuwa na mifupa, na manyoya meusi yenye madoa meupe, mengi, yakipeperuka kila walipokanyaga.

"Shoga," Bi Kindi akaita. Akaita tena.

Gulio lililofuata, kabla ya kuwasha majiko yao, walikwenda kwenye kibanda cha Bi Kanga, kila mmoja na kaa lake kigaeni. Wakawasha moto mkubwa. Ukawaka vizuri mchana kutwa, na juu yake hapakuwa na chungu.

Hadithi yangu imekomea hapo, wanangu, na neno lake ni moja: mwenzako akija kuomba moto, mpe akiwa bado yuko mlangoni.