Shimo Lina Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Aliyejibu huku anatafuna ameze kwanza. Hadithi ya leo ina shimo ndani yake, na mwenye muhogo mdomoni atapaliwa. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakishtakiana kwa maneno kabla ya kutumia meno, palikuwa na Bi Digidigi. Mnamjua digidigi? Ni yule swala mdogo kabisa, macho makubwa, miguu myembamba kama njiti. Pembe hana. Kucha hana. Mungu alimpa miguu, basi. Chui akitokea, Bi Digidigi hutimka, puru puru puru, mpaka kichakani, kimya. Miguu ndiyo ilikuwa ngao yake.

Na palikuwa na Bwana Muhanga. Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Mchana hulala. Usiku huchimba mchwa, chimba, chimba, chimba, akishiba anajifuta pua na kwenda zake. Shimo linabaki wazi.

Nyika ile ilikuwa na desturi yake. Ukichimba shimo porini, shauri lako. Ukichimba shimo njiani, weka tawi, mpita njia alione. Kila mnyama aliijua, hata wale wasiojua kitu kingine.

Basi alfajiri moja Bi Digidigi alikuwa njiani kwenda majini na mumewe. Mumewe yuko nyuma, anasimama hapa, ananusa pale. Bi Digidigi akageuka kumwambia, "Mume wangu, tembea, jua linatoka." Hakumaliza. Kwato ikakosa ardhi. Puu! Halafu, chini kule, kah!

Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika.

Alipanda kutoka shimoni kwa miguu mitatu, jasho linamtoka, na akaona wazi maisha yake yatakavyokuwa. Chui hupita njia ile. Chui haulizi kama umepona. Alilia, ndiyo, alilia sana. Kisha akafuta machozi, akatazama pembeni mwa shimo. Udongo mbichi. Alama za kucha. Tawi hakuna.

"Twende kwa Muhanga," akasema.

"Mke wangu, Muhanga ana kucha," mumewe akasema. "Sisi tuna nini? Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Tumwachie Mungu."

"Mbona nimeingia mimi?"

Bi Digidigi akaanza kwenda, tiku tiku tiku, puu, tiku tiku tiku, puu, akiimba kwa meno yaliyokazwa:

Shimo lina mwenyewe, lina mwenyewe,
Aliyechimba na atoke tumwone.

Muhanga alikuwa ndiyo kwanza amelala. Akatoa pua nje, macho yamefumba.

"Bwana Muhanga, shimo lako limenivunja mguu."

"Pole sana," Muhanga akasema. "Ajali haina kinga."

"Ajali haina kinga, lakini shimo lina kinga yake. Tawi liko wapi?"

Muhanga akafumbua jicho moja. "Yaliyopita si ndwele, bibi."

"Hii hapa si ndwele? Utazame." Akauinua mguu, ukaning'inia.

Muhanga akautazama, akauona, na akarudi kulala. Watoto, kuna watu wa namna hiyo. Si wabaya. Wanapenda usingizi tu kuliko jirani.

"Umesikia," mumewe akasema. "Turudi."

"Mawingu yale unayaona?" Bi Digidigi akasema. "Mvua ikinyesha, alama za kucha zitafutika, na shimo litakuwa halina mwenyewe. Leo ni leo."

Akashika njia ya bwawani, tiku tiku tiku, puu, anaimba. Shimo lina mwenyewe, lina mwenyewe. Aliyesikia aliuliza, aliyeuliza alifuata. Walipofika majini walikuwa kundi.

Mwamuzi wa bwawa lile alikuwa Bi Kiboko. Si kwamba alikuwa na hekima kupita wengine. Maji yalikuwa yake, na hakuna aliyetaka kugombana naye. Alikaa ndani mpaka masikioni.

"Semeni upesi," akasema. "Nikitoka nje mgongo unaniungua."

Muhanga akaitwa, akaja anapiga miayo. Bi Digidigi akaeleza yote. Kundi zima likaenda kulitazama shimo, likarudi. Kucha ni za Muhanga, hata yeye hakukana.

"Shimo ni langu," akasema. "Lakini yeye ana macho makubwa kuliko kichwa. Kwa nini hakuliona?"

Mume wa Bi Digidigi akamkanyaga mkewe kwato, yaani, usiseme. Bi Digidigi akasema. "Nilikuwa nimegeuka nyuma kumhimiza mume wangu. Hilo ni kosa langu na silifichi."

Watu wakaguna. Muhanga akapata nguvu. "Na mguu wenyewe mtauita mguu? Angekuwa Nyati, angepangusa vumbi na kwenda zake."

"Njia si ya Nyati peke yake," Bi Kiboko akasema. "Ukichimba njiani huchagui nani apite. Atakayeanguka, mzito au mwepesi, ndiye wako. Tawi uliweka?"

"Niliweka," Muhanga akasema. "Naapa kwa kucha zangu, niliweka."

Hapo wote wakageukiana. Na Muhanga hakuwa mwongo. Maana Twiga alikohoa, akainamisha shingo ndefu kwa aibu.

"Alfajiri mbichi, jua halijatoka bado, nilikuta tawi la mgunga limelala njiani," akasema. "Nililila. Sikujua ni alama. Nilidhani ni riziki."

Kelele zikaanza. Muhanga ameshinda! Aliweka, kalila mwingine! Mume wa Bi Digidigi akamnong'oneza mkewe, "Basi, yamekwisha." Bi Kiboko naye alikuwa ameshaanza kuzama, masikio yanabaki.

Bi Digidigi aliuona mguu wake, aliiona njia ya Chui, akajua akiondoka hapo mikono mitupu hamalizi mwezi. Lakini kuna neno lilikuwa limemkwama masikioni.

"Bi Kiboko, usizame. Nina swali moja. Bwana Muhanga, uliweka tawi la nini?"

"Umesikia. La mgunga."

"Twiga hula nini?"

Muhanga akajikuna. "Mgunga."

"Njia ile Twiga hupita lini?"

"Kila alfajiri," Muhanga akasema, na sauti ikapungua.

"Ngiri akichimba njiani huweka tawi la mnyaa. Nungunungu huweka mnyaa. Mnyaa una utomvu mchungu, unachoma mdomo, hakuna anayeula. Wewe kwa nini hukuweka mnyaa?"

Muhanga akageuza pua upande wa mlimani.

"Minyaa iko mbali, kule mlimani," akasema. "Mgunga ulikuwa karibu. Nilikuwa na usingizi."

Bi Kiboko akatoka majini, mwili mzima, na mgongo ukaungua.

"Twiga hana kesi, alikula chakula chake bila kujua," akasema. "Muhanga, wewe ulijua. Ulijua tawi litaliwa, ulijua njia ina wapitaji, na miguu ya kwenda mlimani unayo. Mimi siwezi kuutengeneza mguu huu upya. Ningeweza ningeutengeneza. Basi utamrudishia kile ambacho mguu ulikuwa unampa. Bi Digidigi, unataka nini?"

"Pa kujificha, maana siwezi kukimbia. Na majani, maana siwezi kuyafuata."

"Muhanga atakuchimbia shimo kando ya njia ya majini, refu, jembamba, Chui asiingie. Leo hii, kabla ya kulala. Majani hatakupa. Uligeuka nyuma, na hiyo ni sehemu yako. Uligeuka kwa ajili ya nani?"

"Mume wangu."

"Basi majani ataleta mumeo."

Mumewe akazitazama kwato zake. Watu wakacheka, na naona hata nyinyi mnacheka.

Muhanga akachimba, chimba, chimba, chimba, macho yakimfumba. Mumewe akaleta majani, na kwa kweli alijifunza kuharakisha. Na Chui alikuja, kama anavyokuja siku zote. Alimwona Bi Digidigi anachechemea, akaruka. Bi Digidigi akajitupa shimoni, tumbuu! Chui akaingiza mkono, haukufika. Akanusa, akaguna, akaenda zake.

Mguu ulipona, ila ulipona umepinda. Tiku tiku tiku, puu, mpaka leo.

Siku moja Muhanga akapita pale, akasimama mlangoni. "Nasikia shimo langu limekuokoa na Chui. Hata asante sijaisikia."

"Asante ni ya zawadi," Bi Digidigi akasema. "Shimo hili ni haki yangu, nililipia kwa mguu."

Muhanga akainamisha masikio, akageuka kuondoka.

"Ngoja," Bi Digidigi akamwita. "Jana ulichimba njiani, pale penye kona. Nimeona umeweka tawi la mnyaa. Hakuna aliyekulazimisha kwenda mlimani usiku. Kwa hilo, Bwana Muhanga, asante."

Basi mafunzo ndiyo haya. Anayefanya jambo panapopita watu awafikirie wapitao, na asifanye kinga ya kujidanganya. Akimuumiza mtu kwa uzembe wake, pole haitoshi, arudishe kile alichokiondoa. Na aliyeumia aseme mapema, aseme kweli yote, hata ile inayompunguzia haki.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa shimo. Anayetoka nje sasa atazame mbele, na aliye nyuma yake atembee.