Nguo Iliyolazwa

Mashabiki wa mwimbaji Nasrin walitapakaa pwani nzima, kuanzia Mlingotini hadi Mapinga, na karibu wote walijulikana mtandaoni kwa kijipicha cha duara kilichokaa kando ya jina. Vijipicha hivyo vilikuwa kazi ya Mardhiya, msichana wa mji mkongwe wa Bagamoyo, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona uso. Mardhiya alikuwa na haya kama kifaurongo. Ukimgusa kwa swali tu, hujikunja. Aliacha shule darasa la tano ili amuuguze mama yake, na mama alipofariki akabaki na dada yake Shamsia, basi. Hakuwa na mwingine duniani.

Kazi yake aliifanya kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alipiga picha vitu ambavyo watu huvipita bila kuviangalia: kutu ya bati, chokaa inayobanduka ukutani, magamba ya changu, kanga iliyochujuka. Kisha aliuchukua uso wa Nasrin, akautandikia juu yake ile picha ya kutu au ya kanga, akaififisha polepole kwa kidole mpaka uso na kutu vikachanganyika kama maziwa na chai. Mwisho alikata duara dogo, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Shabiki aliyetaka alimtumia sura yake, naye akamweka ubavuni mwa Nasrin, wote wawili chini ya utando mmoja.

Mwezi ule Shamsia alikuwa mzazi, yuko ndani ya arobaini, hatoki nje. Mardhiya alimpikia uji wa pilipili manga, akamfulia nepi za mtoto, akamkanda mgongo. Mumewe Shamsia, Mikidadi, alikuwa utingo wa malori, na siku hizo kazi ilimweka Chalinze.

"We Mardhi," Shamsia alimwita siku moja huku akinyonyesha, "watu wa Mapinga wote umewapamba. Mimi dada yako wa tumbo moja nimebaki na picha ya kitambulisho, macho yamenitoka kama kibaka aliyekamatwa. Nina kisirani gani?"

"Nangoja nipate kitu kizuri, dada. Wewe siwezi kukutandikia kutu."

"Basi nitandikie dhahabu! Mikidadi akiiona, aruke kwenye lori likiwa mwendoni."

Walicheka wote wawili, na mtoto akashtuka akaachia ziwa.

Adhuhuri ya siku ile ile Mardhiya alikwenda kuazima mbuzi ya kukunia nazi kwa Bi Zuwena, mwosha maiti wa kike wa mtaa wao. Alimkuta yuko juu ya mswala, anaswali. Akapita uani kumngoja, na hapo akasimama kama aliyepigwa msumari. Kwenye kamba ilianikwa nguo kubwa ya hariri ya kijani, imepauka kwa uzee, na juu yake nyuzi za dhahabu zilijipinda na kukutana kama mizizi ya mkoko. Ilinukia karafuu maiti. Ua lilikuwa limezungukwa na kuta pande zote, hewa imesimama tuli, hata majani ya mpapai hayakutikisika. Lakini pindo la nguo ile lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mardhiya alijua inafaa amngoje mwenyewe na kumwomba ruhusa. Maneno aliyapanga kinywani: *Bibi, naomba niipige picha nguo yako.* Alipohisi rakaa ya mwisho inakaribia kuisha, uso ukamchoma kwa haya, maneno yakamkauka. Akatoa simu, akapiga picha moja tu ya karibu, akaondoka mbio hata mbuzi asiichukue.

Jioni alianza kazi, safari hii akiwaweka watu peke yao, bila Nasrin. Kwanza alimtengenezea Twalha, dereva wa bodaboda wa Mapinga. Akafuata Ashatu, mkulima wa mwani wa Mlingotini. Mkono ulipozoea, akamtengenezea Shamsia kwa mapenzi yake yote. Ile nguo ilikaa juu ya nyuso hizo kama iliyozaliwa nazo. Haikuhitaji kufifishwa sana. Yenyewe ilizama, ngozi zikang'aa kijani cha mbali na nyuzi za dhahabu zikapita juu ya paji la uso.

Kundi la mashabiki likawaka moto. "Mardhi, mkono wako una uchawi!" aliandika mmoja. "Twalha kawa bwana harusi jamani, na sura ile ya gari bovu!" aliandika mwingine. Shamsia ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alikibusu kioo cha simu.

Kesho yake, habari ziligeuka. Mtu wa Mapinga aliandika kwamba Twalha hajaamka.

"Kalewa mapenzi ya Nasrin huyo. Mmwagieni maji."

"Tumemmwagia."

"Mwiteni kuna abiria."

"Hatutanii, ndugu zangu. Anapumua, lakini hasikii."

Mardhiya alikitazama kijipicha cha Twalha. Macho yalikuwa yamefumbwa. Aliitafuta picha ya awali, ile aliyotumiwa. Macho yalikuwa wazi, tena yanacheka. Akarudi kwenye kijipicha: yamefumbwa, na kope zimetulia kama zilizoshushwa kwa mkono wa mtu. Akafungua cha Ashatu. Kope zilikuwa nusu. Akafungua cha dada yake. Shamsia alikuwa bado akimtazama, lakini kwa macho mazito, mfano wa mtoto anayesikiliza hadithi ndefu.

Alivifuta vyote. Akaandika kwenye kundi, akafuta, akaandika tena, mpaka akapata ujasiri wa kutuma maneno machache: *Tafadhali viondoeni vile vya kijani.* Wakamcheka. "Mardhi kaanza maringo!" "Umetupa kwa mkono wa kulia, unanyang'anya kwa wa kushoto?" Sababu yenyewe hakuisema, kwa kuwa aliona haya kuonekana mwenda wazimu.

"Dada, kitoe," alimsihi Shamsia.

"Sikitoi ng'o. Nimependeza, mwanamke miye." Shamsia alipiga mwayo mrefu. "Hebu nishikie mtoto, usingizi wa leo una deni na mimi."

Mardhiya aliichukua simu ya dada yake, akakiondoa mwenyewe, akairudisha ile picha ya kitambulisho. Alipofumba na kufumbua, duara la kijani lilikuwa limerejea mahali pake, na macho ndani yake yalikuwa yamebaki uzi.

Asubuhi Shamsia hakuamka, na kutoka Mlingotini habari ya Ashatu ilikuwa hiyo hiyo. Mtoto alilitafuta ziwa, akalipata, akalia, maana mama hakumkumbatia. Tabibu wa zahanati alikuja, akapima mapigo, akapima homa, akavua miwani na kuivaa tena. "Mwili mzima," alisema. "Sijui kwa nini amelala." Wanawake wa mtaa walianza kuingia mmoja mmoja, wakakaa mkekani, sauti zao zikiwa za chini, zile ambazo watu huzitunzia nyumba yenye msiba. Mardhiya hakuweza kuzivumilia sauti zile. Akatoka mbio.

Alimkuta Bi Zuwena anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo umeifuata ile mbuzi? Juzi ulipita uani kwangu kama paka mwizi."

"Bibi, ile nguo ya kijani..."

Ungo ukatulia. "Umeigusa?"

"Sikuigusa. Niliipiga picha."

"Alhamdulillahi. Picha ni kivuli tu."

"Nikawafunika watu kwa hiyo picha, bibi. Sura zao."

"Watu gani? Waliokufa?"

"Walio hai."

Mchele ukamwagika. Bi Zuwena hakuuokota. Alimvuta Mardhiya mkono akamkalisha chini.

"Ile ndiyo iliyokuwa ikifunika jeneza la mtaa huu," alisema. "Ninyi vijana hamuijui, mlikuwa hamjazaliwa tulipoilaza. Siku moja walimfunika nayo mtu waliyedhani amekufa, kumbe roho ingalimo. Mkewe ndiye aliyeitandika. Aliposikia wanaume wanasema *tumbebe*, akapiga kelele, akajitupa chini ya nguo ile akasema, *mimi ndiye niliyekutandika, nichukue mimi.* Mume akapiga chafya, akakaa. Mke hakuinuka tena. Tangu hapo tukaikunja sandukuni. Mwaka mara moja naipa jua, isiliwe na nondo, na simwambii mtu. Nguo ile ikishatandikwa, mwanangu, hairudi mikono mitupu."

"Na dawa yake?"

"Mimi naosha tu. Sina dawa." Kisha akamtazama usoni, akamshika kidevu kwa nguvu. "Mardhiya. Usilifikirie hilo unalolifikiria."

"Sifikirii kitu, bibi."

"Kwa nini hukuniuliza siku ile? Ningekwambia kwa neno moja."

"Niliona haya."

Bi Zuwena alikiachia kile kidevu, akainamia mchele uliomwagika.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kuelekea alasiri Mardhiya alipoingia nyumbani. Hakupita ukumbini. Aliingia chumba cha nyuma, akarudisha mlango, akaigeuza simu ikamtazama yeye. Picha ya kwanza ilitikisika. Ya pili ilimwonyesha msichana mwenye macho makubwa yaliyojaa maji. Akaitandika ile hariri juu ya uso wake, na safari hii hakuififisha hata kidogo. Akakata duara. Kutoka ukumbini kilio cha mtoto kilikuwa kimekwisha kuwa cha kukwaruza, cha kukata tamaa.

"Mimi ndiye niliyekutandika," alinong'ona, akakiweka kijipicha kando ya jina lake.

Ukumbini Shamsia alikohoa. Akafumbua macho, akawatazama wanawake waliomzunguka, akakunja uso.

"Kuna nini? Mbona mmenikalia kama maiti? Nipeni mwanangu, maziwa yananiuma!"

Vigelegele vikapaa mpaka barabarani. Muda huo huo habari zikamiminika kwenye kundi: Twalha ameinuka, anauliza nani kachukua ufunguo wa pikipiki, Ashatu kaamka, anadai chakula. Watu wakarushiana vicheko na dua. Katikati ya furaha ile mmoja akauliza: "Jamani, huyu dada mzuri kwenye jina la Mardhi ni nani?" Mwingine akaandika, "Hata mimi simjui. Mbona kafumba macho?"

"Mardhi!" Shamsia aliita, mtoto akiwa ameng'ang'ania kifuani. "We Mardhi, njoo uone watu walivyojaa, umejificha tena?" Alijikongoja hadi chumba cha nyuma, akausukuma mlango kwa bega. Mdogo wake alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, mikono chini ya shavu, pumzi zake ndogo na za mbali. Shamsia alimwita, akamtikisa, akamwita kwa jina ambalo marehemu mama yao alikuwa akimwitia. Bi Zuwena alifika anahema, akamtazama aliyelala, akaushika mwimo wa mlango wala asiuvuke.

"Mwamsheni!" Shamsia alilia. "Bi Zuwena, mwamshe!"

Mwosha maiti alitikisa kichwa, machozi yakimdondoka, kwa sababu alijua kuliko wote pale kwamba waliotutangulia hawakusema kwa mchezo: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha, utalala wewe.