Shimo la Uongo kwenye Mwezi wa Zohali

Kaeni sawa, wakubwa kwa wadogo. Leo sikuwaletea hadithi ya kuwabembeleza. Nimewaletea kesi, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Palikuwa na wachora ramani watatu katika Karakana ya Ramani ya Kilimahewa. Wa kwanza, aitwaye Sikudhani, alikuwa na jicho. Mpe picha iliyopigwa na chombo cha anga: wewe unaona ukungu, yeye anakuonyesha mashimo kumi na moja yaliyochimbwa na vimondo. Mbaraka alikuwa na mikono. Alizichukua picha bapa akalivisha nazo tufe ndani ya kompyuta, na ukilizungusha hujui mshono uko wapi. Tekla alikuwa na ulimi. Yeye ndiye aliyeandika maelezo ya kila bonde na kila mlima, na akikueleza jambo unadhani ulilijua tangu zamani.

Kwa miaka miwili walichora mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, uitwao Iapetus, wenye upande mweusi na upande mweupe. Walichora mashimo elfu tatu mia moja na kumi na mawili. Siku walipomaliza, mkuu wao, Daktari Magwila, alifuta majina yao kwenye tufe akaandika la kwake.

Walimfuata ofisini. Akacheka.

"Nyie ni vifaa tu," alisema. "Tangu lini jembe likadai mavuno?"

Siku hiyohiyo Sikudhani na Tekla walifukuzwa, mikoba yao ikapekuliwa getini kana kwamba wao ndio wezi. Mbaraka aliachwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuliendesha tufe. Jioni walikutana nyumbani kwa Tekla.

"Sitaki jina langu tu," alisema Sikudhani. "Nataka aumbuke. Aumbuke mpaka atamani ardhi ipasuke immeze."

Wenzake wakasema amina.

Sasa sikilizeni vizuri nani alifanya nini.

Sikudhani ndiye aliyekuwa na mtego. Karakana ile ina desturi: mchoraji huficha uongo mmoja mdogo kwenye ramani yake, mahali anapopajua yeye, akauandika kwenye karatasi, na bahasha ikawekwa kwa mwenyekiti wa baraza ikiwa imefungwa kwa muhuri wa lakiri. Ramani ikiibwa, uongo ule unatoa ushahidi. Isipoibwa, hufutwa kabla ramani haijatoka. Karibu na ncha ya kaskazini Sikudhani alichora shimo ambalo halipo, na kivuli chake akakiweka kinyume. Weka bakuli dirishani asubuhi, utaona kivuli cha ndani kinakaa upande ule jua linakotoka. Kwenye picha zile jua lilitoka kushoto, na mashimo yote yalikuwa na kivuli kushoto. La Sikudhani lilikuwa nacho kulia. Lakini bahasha peke yake isingetosha, maana Magwila angesema uongo ule aliuagiza yeye.

Mbaraka ndiye aliyebaki ndani. Miezi mitatu alimbebea Magwila mkoba, akamchemshia chai, akaitwa kibarua mbele ya wageni na kujibu, "Ndiyo, mkuu." Wafanyakazi wasiojua kitu walimwita msaliti, na hata mkewe akaanza kumtazama vibaya. Akameza yote. Huku akimeza, alilipanga tufe: likifunguliwa siku ya maonyesho lizunguke lenyewe mara moja, liinamishe ncha ya kaskazini, lisimame juu ya shimo lile likiwa limejaa ukuta mzima. Bila hivyo nani angeliona, shimo moja kati ya maelfu?

Tekla ndiye aliyekwenda kuzungumza. Siku ya maonyesho aliketi nyuma kabisa ya wageni, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Tufe likazunguka, likasimama.

"Daktari," aliita kwa sauti ya asali, "shimo zuri mno hilo. Bila shaka umelichora kwa mkono wako?"

Magwila hajawahi kukataa sifa. "Kwa mkono wangu mwenyewe! Nimekaa wiki nzima nikipima kina chake. Nimelipa jina la marehemu mama yangu."

Watu wakapiga makofi.

"Na hakuna aliyekusaidia, hata kulikagua?"

"Hakuna. Shimo hili hakuna alijuaye kunishinda."

"Basi tuelimishe sisi wajinga. Mashimo yote yana kivuli kushoto, la mama lina kivuli kulia. Huko Zohali majua ni mangapi, Daktari?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti, Bi Kemilembe, hakucheka. Alivunja lakiri, akasoma karatasi, akaagiza picha ya asili ifunguliwe. Mahali pale palikuwa patupu. Magwila alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na mimi nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi hadi nikaona aibu.

Majina matatu yalirudishwa kwenye tufe palepale, kwa hiyo hilo msinigombeze. Kesi ni hii. Desturi inasema mwizi wa ramani huhukumiwa na aliyemnasa, mtu mmoja tu, na neno lake halina rufaa. Bi Kemilembe akauliza, "Nani alimnasa?"

Wakasimama wote watatu.

"Mtego ni wangu," alisema Sikudhani. "Afukuzwe leo, apekuliwe getini, asiguse ramani tena maisha yake yote."

"Mtego uliofichwa kichakani haumnasi mtu," alisema Mbaraka. "Mimi nilimleta juu yake, na matusi nimeyala mimi. Abaki hapa. Anibebee mkoba, anichemshie chai, aniite mkuu mpaka astaafu."

"Nyie mlimfikisha tu," alisema Tekla. "Kinywa chake kilifunguliwa na mimi. Asimame sokoni kila Jumamosi, ataje shimo moja baada ya jingine, yote elfu tatu na ushei, na kwa kila moja aseme: hili sikulichora, nililiiba."

Wakaanza kutupiana maneno. Wale waliosema amina pamoja nyumbani kwa Tekla sasa walitazamana kama walivyokuwa wakimtazama Magwila.

Na desturi ina mkia: jua likizama kabla hajajulikana mnasaji mmoja, mwizi huenda zake huru. Magwila anaujua mkia huo. Ameketi kwenye benchi karibu na dirisha, anatazama nje, na nimemwona akitabasamu.

Wenye kutaka asamehewe wanyamaze; sikuwauliza hilo. Jua limegusa bati la karakana. Haya, wewe uliyekaa hapo: ungemkabidhi nani hukumu, Sikudhani, Mbaraka au Tekla? Taja jina moja, upesi, maana yule bwana ameanza kufunga vifungo vya koti lake.