Kichwa cha Bolti ya Nane

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wakizungumzia uzazi peke yake. Anayemficha tabibu kidonda, kidonda chenyewe kitamsemea. Asiyeamini na amuulize Reverien Niyonkuru, fundi umeme wa Kasulu, aliyekuwa na jina kubwa kuliko sanduku lake la vifaa.

Reverien ndiye peke yake mjini aliyepewa kibali cha kufungua mota za pampu katika kituo kimoja cha mafuta. Kibali hicho alikipata kwa Stumai, fundi mkuu aliyehamishiwa Kibondo kutoka Handeni, mama asiye na maneno mengi. Somo lake kubwa lilikuwa moja. Kifuniko cha mota ya pampu hakikuwekwa kuzuia mvua tu, kimewekwa kufungia moto. Cheche ikiruka ndani, bolti zote nane zikiwa zimekazwa na nyuso za chuma zikiwa laini, moto hufia mlemle. Penye mkwaruzo hupenya nje, ukakutana na mvuke wa petroli.

Somo hilo Reverien alilijua kama Baba Yetu. Lakini siku moja, akitengeneza mota iliyokuwa ikipiga kelele pale kituoni, bodaboda wa Rungwe Mpya walikuwa wamepanga foleni wakimpigia honi, naye akataka kuonekana mwepesi. Akachomeka bisibisi mahali pasipostahili bisibisi, akakibandua kifuniko kwa nguvu. Chuma kikakwaruzika, na wakati wa kufunga, bolti ya nane ikakatika. Moyo ulimwambia apige simu Kibondo. Kiburi kikamwambia kwamba akipiga tu, kibali kimekwenda. Basi akapaka gundi ya silikoni penye mkwaruzo, akakigandisha kichwa cha bolti iliyokatika mahali pake, akasaini kwamba kazi ni safi. Kwa macho, bolti zilikuwa nane.

Tangu hapo aibu ikawa mgeni asiyeaga. Theodosia, muuza mafuta kwenye pampu ile, kila akimwona alimwamkia "Mwakeye, fundi," na kumshukuru kwamba mota sasa inanguruma taratibu. Kila shukrani ilimchoma. Hata petroli ya pikipiki yake hakuweza kuinunua pale. Tangi likikauka, aliisukuma pikipiki hadi kituo cha juu mlimani, jasho likimtiririka, kama mtu aliyelaaniwa.

Wiki ya pili, Theodosia alimsimamisha kando ya barabara, wateja wakisikia.

"Fundi, pampu uliyoitengeneza mwenyewe unaikimbia. Mimi nasimama pale kutwa. Ina nini?"

Uongo alikuwa nao tayari. Lakini alipomtazama yule dada, sare yake ikinuka petroli, aibu ilimpanda hadi masikio yakamwaka.

"Zima swichi kubwa, dada," alisema. "Watu wasogee mbali. Bolti ya nane ni ya uongo."

Mchana huo Stumai alifika kutoka Kibondo, baada ya Reverien kumpigia simu hatimaye. Alihakikisha umeme umekatwa, akapima hewa kwa kifaa chake, kisha akaishika bolti ya nane kwa vidole viwili. Kichwa kikambakia mkononi. Bodaboda mmoja akaguna. Reverien alitamani ardhi ipasuke immeze, nayo ardhi ikamkatalia.

Stumai hakumfokea. Heri angefoka. Alikwenda kwenye gari, akashusha boksi lenye mota mpya.

"Hii imekaa stoo kwangu tangu mwaka jana," alisema. "Kukwaruza kifuniko ni ajali, Reverien. Mimi mwenyewe nimewahi kukwaruza viwili. Ungenipigia siku ile, kufikia saa kumi ungekuwa umeshaifunga mota hii, na kibali chako kingebaki mfukoni."

Reverien akaitoa kadi ya kibali bila kuombwa, akampa kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Theodosia kumwomba radhi, na maneno aliyoyapanga yote yakamkauka. Likatoka moja tu, samahani. Theodosia alikuwa akihesabu kwa vidole siku alizosimama mbele ya pampu ile. Zilifika kumi na moja.

Msaada ulikuwa umbali wa simu moja, naye akamficha yule yule mwenye dawa. Ama kweli, mficha uchi hazai.